Bilinganya: Jina moja, namba tatu kwa hesabu ya abjadi

Bilinganya ile ndefu ya zambarau asili yake ni Asia. Jina la kisayansi ni Solanum melongena. Usiichanganye na ngogwe (nyanya chungu), ambayo ni ndugu yake lakini ni ya Afrika hapahapa.

Sasa, jina lake lina thamani gani? Kwenye abjadi, kila herufi ya Kiarabu ina namba yake: alif 1, be 2, jim 3, hadi ghaini 1000. Waarabu huiita badhinjan. Hesabu inakwenda hivi: be 2, alif 1, dhali 700, nuni 50, jim 3, alif 1, nuni 50. Jumla 807.

Wayahudi nao wana hesabu kama hiyo, gematria. Kwa Kiebrania bilinganya ni hatsil, na jumla yake ni 138 tu. Mboga ni ileile.

Kwa Kiswahili mambo yananoga zaidi. Ukiandika "bilinganya" kwa herufi za Kiarabu bila irabu (be, lamu, nuni, ghaini, nuni, ye) unapata 1142. Lakini Masasi na Newala, kama kwingi nchini, utasikia pia "biringanya". Lamu ni 30, re ni 200. Papo hapo jumla inaruka hadi 1312.

Tofauti hiyo si mchezo kwa wanaopiga nyota. Wao hujumlisha jina la mtu na la mama yake, wanagawanya kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota. Ukiifanyia bilinganya hivyohivyo, 807 inabakiza 3, Mapacha. 1142 inabakiza 2, Ng'ombe. 1312 inabakiza 4, Kaa. Mboga moja, nyota tatu!

Kwa majina ya watu ni hivyohivyo. Halima huishia na te ya kufungwa, ambayo wengine huihesabu 5 na wengine 400. Jina hilo linakuwa 93 au 488, hata kabla ya kuongeza la mama.

Kwa hiyo ukitakiwa kutoa hela ili uhesabiwe nyota, iwe kwa simu au ana kwa ana, uliza kwanza jina lako limeandikwa kwa herufi zipi. Halafu omba uoneshwe hesabu yenyewe kwenye karatasi.