Mshale Mdogo na Mashine Kubwa



Mtu wa Litapunga akienda Mpanda na kupanda gari la moshi la Tabora, hupita Kaliua, kisha Urambo. Urambo ni mojawapo ya mahali patatu katika Tanganyika ambapo, baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga kwa mashine. Pengine palikuwa Kongwa na Nachingwea. Leo tuitazame habari ile kwa upande mmoja tu: upande wa trekta kuukuu, taa zake, na vile visahani vya kioo vyenye mshale viitwavyo geji.

Shauri lenyewe lilikuwa kubwa mno. Mwaka 1946 Bwana John Wakefield na wenzake wawili walitumwa kuitazama nchi, nao wakashauri zilimwe eka 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Ilikusudiwa kufyeka eka 150,000 mwaka ule. Zilizofyekwa zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Matrekta mapya hayakutosha, basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengi yakitoka visiwa vya Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Mwaka 1951 shauri likaachwa, na hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36.

Sababu zilikuwa nyingi: mvua haba, udongo wa Kongwa unaokauka ukawa kama tofali, na haraka ya wakubwa. Lakini moja yatuhusu sisi tulio mbali na wakubwa: mashine zilikuwa nyingi kuliko mafundi na vipuri. Trekta halifi ghafula kama mtu aliyepigwa radi. Huugua kwanza, tena husema linaumwa wapi. Ulimi wake ni geji.

Geji ya oili ni jambo la akili sana. Ilibuniwa na Mfaransa, Eugène Bourdon, mwaka 1849. Ndani yake mna kibomba chembamba cha shaba kilichopindwa. Oili ikisukumwa na pampu huingia humo, na kibomba hutaka kunyoka. Kunyoka huko ndiko kunakougeuza mshale. Geji ya maji huonyesha joto la injini. Geji ya chaji huonyesha kama dainamo inaipa betri umeme au betri inakula akiba yake. Betri yenyewe, iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, ni mabamba ya risasi ndani ya maji ya asidi. Risasi ni madini yale yale yaliyochimbwa Mpanda zamani.

Si kila trekta lilizaliwa na vitu hivi. Fordson la mwaka 1917 halikuwa na betri. Liliwashwa kwa mkono, na cheche ilitoka kwa sumaku zilizofungwa katika gurudumu la injini. Taa na betri viliongezeka baadaye, ili mkulima aweze kulima jua likichwa wakati mvua inamkimbiza.

Basi, taa za trekta kuukuu zikififia, fundi hutengenezaje? Kwanza huzima injini na kuondoa waya wa betri uliofungwa kwenye bodi, maana waya zikigusana zaweza kuwasha moto. Halafu huzifuata waya kwa macho na vidole tangu betri hata taa. Palipochubuka ganda la mpira, hubadili waya. Palipo na kutu, husugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Na akumbuke ya kuwa umeme unaokwenda taani kwa waya hurudi betrini kwa njia ya bodi. Taa ikifungwa juu ya kutu au rangi, njia ya kurudi imezibwa. Ili kujua, huirudisha betri, huwasha taa, kisha huunga waya mwingine kutoka chuma cha taa mpaka ile ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Taa ikipata nguvu, ubovu haukuwa wa globu. Ulikuwa wa kutu.

Katika geji pana kanuni moja isiyovunjwa. Mshale wa oili ukianguka, usiseme, "Geji hii ni ya zamani, yasema uongo." Zima injini kwanza. Pima oili. Ikiwa imejaa, chunguza kibomba kinachoileta kwenye geji, kama kimeziba au kinavuja, kisha ipime geji kwa nyingine iliyo nzima. Geji bovu hubadilishwa mara moja. Injini iliyokwenda bila oili huharibika kwa dakika chache, na mvua haimngoji mwenye shamba atafute nyingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kongwa fedha nyingi zilipotea katika kununua mashine, na mkono wa kuziba nyufa ukawa haba. Kijana ajuaye kusugua kutu, kuunga waya na kuusoma mshale ni akiba ya kijiji kizima, hata kama trekta lao ni moja tu, tena kuukuu.