Neno Kabla ya Pigo: Sinema na Lugha ya Dharau katika Kivu

Katika miaka ya 1950 mapadre wamisionari walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu hapa Bukavu, kilichoitwa Africa-Films. Serikali ya kikoloni haikumruhusu Mkongomani kutazama kila filamu aliyoitazama Mzungu. Alitengenezewa zake, fupi na nyepesi, zenye mafunzo. Zilizopata sifa nyingi ni zile za Matamata na Pilipili, alizozipiga Padre Van Haelst huko Kasai. Zilichekesha kweli. Hata hivyo kicheko chake kilijengwa juu ya dhana kwamba mtazamaji ni mtoto, na dhana hiyo haikuhitaji tusi ili ieleweke.

Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Kinshasa, ameilipa sinema hiyo deni lake. Anaposimulia mauaji hakomei kwenye maiti. Hurudi nyuma kulitafuta neno. Filamu yake Lumumba (2000) huanza usiku, Wazungu wawili wakiharibu miili ya waliouawa. Baadaye tunaisikia hotuba ya 30 Juni 1960. Katika hotuba yenyewe, pamoja na vipigo na kazi za kuchosha, Lumumba alitaja jambo linaloweza kuonekana dogo: Mwafrika aliambiwa tu, wala si kwa urafiki, bali kwa kuwa vous, lenye heshima, lilihifadhiwa kwa Wazungu. Wanaisimu hatuna budi kusimama hapo. Kiwakilishi hicho kilitamkwa dukani, ofisini na jikoni kila siku, mahali ambapo kiboko hakikufika. Miezi saba haikutimia, Lumumba akauawa Katanga, 17 Januari 1961.

Katika Sometimes in April (2005), inayohusu Rwanda ya 1994, Peck anawatenganisha ndugu wawili: mmoja mwanajeshi mwenye mke Mtutsi, mwingine mtangazaji wa RTLM. Redio hiyo iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Anayeua mende haitwi mwuaji.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu hii. Walilaani upesi, kwani uovu ulio ng'ambo ya Rusizi huonekana vizuri kutoka huku. Nikawauliza kuhusu kwetu. Agosti 1998 Abdulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alinena hadharani maneno ya wadudu waharibifu. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaagiza ifutwe, 14 Februari 2002, kwa hoja ya kinga ya waziri, bila kuamua lolote juu ya maneno yenyewe. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba nchini Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliotoroka Kivu ya Kusini, waliuawa kambini.

Darasa lilinyamaza. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza kama majina tunayowaita majirani hao, ya pua na ya kimo, yataingia katika orodha ya msamiati wa Kiswahili cha Kivu tunayoikusanya. Wengi walikataa, wakidai kwamba kuyaandika ni kuyaeneza. Nawaelewa. Lakini mimi naona yaandikwe, kila neno na mwaka liliposikika, na mahali, na cheo cha aliyelitamka.