Stegi Moja Tu

Wengi huniuliza kwa nini niliacha campo, na mimi hujibu ati ni karo. Karo ilikuwa shida, ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Leo wacha niseme hiyo nusu ingine, ila tuanzie mbali kidogo: Marekani, mwaka wa 1962.

Pale MIT kulikuwa na kompyuta ya PDP-1, kubwa kama kabati kadhaa zikipangwa pamoja. Vijana fulani, wengi wao wanachama wa klabu ya treni za kuchezea, walitaka kuonyesha mashine hiyo inaweza nini. Wakaamua kutengeneza gemu ya vyombo viwili vya angani vinavyopigana. Kuandika programu kukamwangukia Steve Russell, naye akaanza visingizio: ati hana hesabu za saini na kosaini. Alan Kotok akaenda kuzichukua kwa kampuni iliyounda kompyuta yenyewe, akamletea. Visingizio vikaishia hapo.

Sasa skiza. Mwanzoni gemu ilikuwa vyombo viwili na risasi tu. Peter Samson akaweka nyota kama zilivyo angani kweli. Dan Edwards akaongeza jua katikati, lenye mvuto unaokuvuta ukizubaa. Martin Graetz akaleta njia ya kutoweka ukizidiwa. Mikono ilipochoka na swichi za mashine, Kotok na Bob Saunders wakaunda vidhibiti vya kushika. Hiyo ndiyo Spacewar!. Hakuna mtu mmoja aliyeifikiria yote. Waliicheza ikiwa bado nusu, na kwa kuicheza wakaona kinachokosekana.

Miaka 43 baadaye, 2005, wanafunzi wa chuo cha DigiPen, jimbo la Washington, walikuwa wamemaliza mradi wao wa mwisho: Narbacular Drop. Binti mfalme wao hawezi kuruka kabisa. Badala yake unafungua milango miwili: unaingia kwa ukuta huu, unatokea kwa ule. Wazo moja, gemu fupi. Watu wa Valve wakaiona kwenye maonyesho ya chuo, timu ikaitwa ofisini, ikaajiriwa. 2007 wazo hilo hilo likatoka kama Portal. Kundi lingine la DigiPen likatengeneza Tag: The Power of Paint, gemu ya kupaka rangi sakafuni ili uruke au ukimbie kwa kasi. Nao wakachukuliwa, na rangi zao ziko ndani ya Portal 2 ya 2011.

Sasa mimi. Mwaka wa pili tulipewa mradi wa gemu: watu watano, wiki kumi. Nilitaka Nairobi nzima: matatu, kanjo, mvua, kila mtaa. Dem mmoja kwa grupu yetu akasema tufanye stegi moja tu: makanga, abiria, na dakika tatu za kujaza gari. Nikamcheka mbele ya wengine. Nikachora ramani wiki sita. Siku ya kuonyesha tulikuwa na menyu safi sana, na ukibonyeza “Anza” hakuna kitu. Wenzangu walikuwa wanaangalia chini. Muhula uliofuata, karo ilipokwama, sikupigania kubaki. Nilikuwa nimepata mlango wa kutokea.

Tangu hapo nimesema kwa video zangu kwamba campo haina maana, kila kitu kiko YouTube. Kuandika programu, sawa, utajifunza huko. Lakini YouTube haina mtu wa kukuambia “punguza, hii ni kubwa sana”, halafu abaki na wewe hadi usiku mkimalizia ile ndogo. Nilikuwa na watu wanne kama hao. Niliwaona kama mzigo.

Juzi nilimwandikia yule dem, nikamwomba msamaha. Alikaa siku mbili, kisha akajibu kwa swali moja: “Stegi gani?”

Nikamwambia achague yeye.