Kinga ya Upepo na Vishikizo Vyake

Pikipiki ilizaliwa bila nguo. Gari lilipata paa, milango na vioo, lakini mwendesha pikipiki aliachwa ajitegemee kwa koti na miwani. Aendapo polepole upepo humburudisha. Akiongeza mwendo, upepo huohuo humgeuka. Mwalimu yeyote wa fizikia atakueleza kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo, bali kwa mraba wake. Aliyetoka kilomita 60 kwa saa akafikia 120 hasukumwi na upepo maradufu, bali mara nne. Hapo huushika usukani kama mtu anayening'inia, shingo ikamkaza, na baada ya saa mbili amechoka kuliko aliyeshinda shambani.

Dawa yake ni kinga ya upepo, yaani ganda la plastiki au faibaglasi lenye kioo kwa juu, ambalo hufungwa mbele ya pikipiki ili kuupasua upepo na kuupitisha pembeni. Historia ya ganda hili yafaa kusomwa, kwa maana sehemu yake kubwa ni historia ya watu waliochukua kitu cha mtengenezaji mmoja wakakifunga kwenye chombo cha mwingine.

Wanamashindano walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1950 kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ilijenga katika kiwanda chake cha Mandello del Lario handaki la upepo, ambamo pikipiki na mwendeshaji wake waliwekwa mbele ya mkondo wa hewa wakapimwa. Katika miaka ile pikipiki za mashindano zilivishwa maganda yaliyofunika hata gurudumu la mbele. Mwendo ulipanda, lakini ganda kubwa namna ile likipigwa na upepo wa ubavuni huwa tanga. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo likayapiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Hilo ndilo somo la kwanza: kinachokukinga kwa mbele chaweza kukuangusha kwa ubavu.

Somo la pili latoka Marekani. Craig Vetter, kijana wa Illinois aliyesomea usanifu wa bidhaa za viwandani, alianza kazi ya kinga za upepo mwaka 1966. Mwaka 1971 akatoa ile iliyompa sifa, Windjammer, jina la merikebu kubwa za matanga. Ganda lake liliweza kufungwa kwenye Honda, BMW, Triumph au Harley-Davidson. Ganda halikubadilika; kilichobadilika ni vishikizo vya chuma, vilivyotengenezwa kwa kufuata fremu ya kila aina ya pikipiki. Hapo ndipo ilipokuwa akili ya kazi ile. Watu walilisifu ganda kwa kuwa ndilo lililoonekana, ilhali kilichowawezesha wageni wawili kukaa pamoja ni vipande vya chuma vilivyojificha nyuma yake.

Mwaka 1975 Honda ilipoanza kuuza Gold Wing, pikipiki nzito yenye injini ya cc 999, iliitoa kiwandani bila kinga yoyote. Wamarekani waliotaka kuvuka majimbo walinunua Windjammer wakaifunga wenyewe. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, yenye kinga kamili iliyosanifiwa katika handaki la upepo na kufungwa kiwandani. Honda nayo, mwaka 1980, ikatoa GL1100 Interstate ikiwa na kinga yake na masanduku ya mizigo. Kwa hiyo kiwanda kilimfuata mteja. Watu waliokuwa na spana mikononi katika vibanda vya nyumbani walikuwa wameshaonyesha njia.

Harley-Davidson ilikuwa na njia yake. Mwaka 1969 iliiwekea Electra Glide kinga yenye umbo la mbawa za popo, iliyoshikwa kwenye shokapu za mbele, kwa hiyo ikageuka pamoja na usukani. Tour Glide ya mwaka 1980 ikaja na kinga iliyoshikwa kwenye fremu, ambayo haigeuki. Njia hizi mbili ni vizuri kuzikumbuka, maana zinaamua mengi.

Hadi leo wako wenye pikipiki za Kijapani za mtindo wa kruza, mathalani Honda Shadow iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, wanaopenda kuzivisha zile mbawa za popo za Harley. Haja yao ni ya kweli: kiti cha kruza kiko chini, miguu imenyooshwa mbele, usukani ni mpana, na kifua chote kiko wazi kwa upepo. Lakini mgeni huyu hana budi kuulizwa maswali. Je, uzito wake utabebwa na nini? Ukining'inizwa kwenye usukani, pikipiki hugeuka kwa uzito, na kwenye mwendo mkali usukani waweza kuanza kutikisika. Je, usukani ukizungushwa hadi mwisho, kushoto na kulia, ganda linagusa tangi? Mpira wa breki unavutika? Kebo ya mafuta ikivutika, injini itanguruma yenyewe katikati ya kona, na hapo ni roho ya mtu. Je, alteneta itamudu taa na redio zilizoongezwa? Na kioo kina kimo gani? Ukingo wake ukikaa vibaya, upepo uliokwepeshwa kifuani hukutana na kofia ya mwendeshaji kwa kishindo.

Fundi mwenye subira hatoboi fremu wala haichomelei. Hutafuta matundu yaliyopo, hutengeneza vishikizo vya kuyafuata, huweka bushi za mpira, kisha hujaribu polepole kwenye barabara tupu na kurudi kukaza nati. Mwenye haraka hulilazimisha ganda, na barabara ndiyo humsahihishia kazi yake.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika chuo cha ualimu, na habari hii hainipi taabu kuielewa. Nimeona mbinu nzuri za kufundishia zikiletwa kutoka nchi ambako darasa lina watoto 20 na kila mmoja ana kitabu, zikafungwa juu ya darasa la watoto 80 wenye vitabu sita. Ziliposhindwa, wengine walilaumu mbinu na wengine wakawalaumu walimu. Wachache waliuliza habari za vishikizo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji avunjwe mbavu ili mgeni apate pa kukaa. Kukopa si aibu. Gold Wing ilikopa, na mtengenezaji wake akajifunza kutokana na mkopo huo. Ila anayekopa aanze kwa kumpima mwenyeji: mifupa yake iko wapi, anaweza kubeba kiasi gani, na akigeuka ataguswa wapi. Ganda huchaguliwa baadaye.