Udongo wa Kwetu na Nyumba Bora

Wazee wetu hawakujenga kwa kubahatisha. Katika nchi kavu ya Ugogo walijenga tembe: kuta za miti na udongo, na paa bapa lililotandazwa udongo juu ya boriti. Udongo huo mnene ulizuia jua la mchana na kupunguza baridi ya usiku. Huko mwambao, mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakalaza boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Vifaa vilitoka jirani, na gharama kubwa ilikuwa jasho.

Hata hivyo, tusizipambe nyumba hizo kwa sifa zisizo zao. Tembe zilikula miti mingi, na ndani mlikuwa na giza. Chokaa nayo ilichomwa kwa kuni.

Baada ya Uhuru, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Saruji na bati vikawa alama ya maendeleo. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliukemea uraibu huo: watu walingoja vifaa wasivyoweza kuvinunua, ilhali matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kutokana na udongo wa kwao.

Hoja yake ilikuwa ya kujitegemea. Leo twaiongezea hoja ya mazingira. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto kali, na hewa ya ukaa hutoka katika moto na katika jiwe lenyewe. Lakini tofali la kuchoma nalo lina deni, kwani tanuri lake hula misitu.

Njia mojawapo ni matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyaeneza. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, kisha tofali huachwa likomae bila kuchomwa. Kwa kuwa matofali hayo hushikana yenyewe, saruji ya kuungia hupungua. Hivyo mjenzi huokoa fedha, na msitu huokoa miti yake.

Hatuwaiti vijana warudi katika tembe. Twawataka wapime kila nyumba kwa maswali mawili: imegharimu nini mfukoni, na imegharimu nini msituni? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni udongo. Kazi yetu ni kuufuma vizuri zaidi.