Chambo Bandia cha Mgebuka

Maji ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu hushuka kwa Mto Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, ambako mgebuka, samaki mwindaji, hufuata makundi ya dagaa wanaovutwa usiku na mwanga wa karabai. Chambo bandia, yaani kitu kisicholika kinachoificha ndoana, huigiza dagaa hao: manyoya au bati jembamba hufungwa kwenye ndoana, na mshipi, ambao ni uzi wa kuvulia, huvutwa kwa mishtuko mifupi ili chambo kimeremete. Upakaji rangi wa chambo hutegemea maji yenyewe, kwani wekundu hufifia mapema kwenye kina kirefu, ilhali rangi ya fedha, kama ubavu wa dagaa, huakisi hata mwanga hafifu.