Roboti ya kujibu wateja kwa WhatsApp: pesa ya kila mwezi inatoka wapi?

Mama anayeuza vitenge kule Kadutu anajibu swali moja siku nzima: "Iko ngapi?" Usiku simu inazimika, mteja anaenda kwa mwingine. Kijana anayejua kompyuta anaweza kuona kazi hapo: kumtengenezea roboti ya kujibu, ni kusema programu yenye akili bandia inayosoma ujumbe na kuujibu bila mama kushika simu.

Lakini tusichanganye vitu. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure, na inatuma salamu na majibu mafupi uliyoandika mwenyewe. Ukimuuzia mama hiyo kwa dola kila mwezi, siku atakapojua atasema umemuibia. Roboti yenyewe inapita mlango mwingine, ule Meta ilifungulia biashara zote mwaka 2022. Inakaa kwa seva ya mbali, ndiyo maana inajibu hata umeme ukikatika hapa Bukavu. Tangu Novemba 2024, kumjibu mteja aliyeanza kuandika hakulipiwi kwa Meta ndani ya saa 24. Zikipita, unatumia ujumbe uliokubaliwa na Meta, na huo unalipiwa. Akili bandia nayo inalipiwa kadiri inavyosoma na kuandika.

Sasa, kujenga roboti ni kazi ya siku chache, na mtu analipia mara moja tu. Kinacholeta pesa ya kila mwezi ni kuitunza. Kiwango cha dola na franka kinabadilika, kitenge fulani kimeisha, na roboti inayotaja bei ya mwezi uliopita inaleta ugomvi dukani. Tena akili bandia imejifunza zaidi Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Mteja wa Bukavu anachanganya Kiswahili, Kifaransa na Mashi katika sentensi moja. Lazima mtu asome mazungumzo kila juma na kusahihisha, na hapo kijana wa hapa anamshinda fundi wa Nairobi.

Tupige hesabu ya mfano. Maduka matano, kila moja dola 10, ni dola 50. Toa 15 za seva na akili bandia, toa 10 za mega: inabaki 25. Duka mbili zikiacha, unabaki karibu na sifuri. Na tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mjini na benki kufunga milango, maduka yanalipa kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, lakini kampuni za nje zinataka kadi. Pata njia ya kadi kwanza, ndipo uahidi mtu.

Andikianeni pia karatasi: nani anabadilisha bei, na namba za wateja ni za nani. Kodi ya numeriki ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu. Kwa farmasi, roboti iseme bei na saa za kufungua tu. Swali la dawa ya mtoto impelekee muuza dawa.